Mwalimu mtarajiwa wa lugha amsikilize mtoto kwanza: jinsi ya kuingiza utafiti kwenye mafunzo ya ualimu huku kusini

Hii naiandika kwa wakufunzi wenzangu wa vyuo vya ualimu huku kusini, kuanzia Mtwara mjini mpaka Kitangali na Nachingwea, na pia kwa walimu wa shule zinazopokea wanachuo wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, maana nyie ndo mnakaa nao muda mrefu kuliko sisi. Tatizo nadhani wote tunalijua. Mwanachuo kwenye testi anakuandikia vizuri kabisa nadharia za Krashen, anamtaja Swain, wote watafiti wa ujifunzaji lugha, anataja mpaka mwaka, unampa maksi zake, alafu unaenda kumkagua BTP unakuta kaandika sentensi tano ubaoni, darasa zima linaimba "he goes, she goes, it goes", akiuliza "Is it clear?" wanajibu "Yes madam", kipindi kimeisha. Utafiti wote umebaki kwenye daftari la chuo.

Dan Lortie, mwanasosholojia wa Marekani, aliwahi kulieleza hili mwaka 1975. Alipiga hesabu kwamba kijana anapomaliza shule kule kwao anakuwa ameshakaa na walimu darasani kama saa 13,000, kwahiyo anafika chuoni akiwa tayari na picha ya ualimu kichwani, picha aliyoipata akiwa amekaa kwenye dawati. Wa kwetu naye ana miaka saba ya msingi na minne ya sekondari ya kuangalia mwalimu akiandika, darasa likiitikia. Noti za muhula mmoja haziwezi kuing'oa hiyo picha, hata ziwe nzuri vipi. Kinachoweza kuitikisa, kwa ninavyoona mimi, ni mwanachuo kusikia kwa masikio yake mtoto anafanya nini na lugha, nadharia ije baadaye kujibu swali ambalo tayari linamsumbua. Sasa tunafanyaje?

Anza na simu, noti baadaye

Wiki ya kwanza kabisa ya somo la mbinu usiandike kitu ubaoni. Wagawe wawili wawili, kila jozi iende shule ya mazoezi au shule ya jirani ikarekodi mtoto mmoja akiongea, dakika tano zinatosha. Kabla ya yote ruhusa: ongea na mwalimu mkuu, mzazi aambiwe, jina la mtoto lisitajwe kwenye rekodi wala kwenye karatasi, mwite Mtoto A basi, na rekodi isiingie kwenye grupu lolote la WhatsApp. Hili lisimamie kwa ukali, maana mwanachuo akisikia kitu cha kuchekesha mkono unamuwasha kukirusha na yule ni mtoto wa mtu.

Cha kumfanya mtoto aongee ni picha. Ukimuuliza unaitwa nani, unasoma darasa la ngapi, anakujibu neno moja moja na umeshamaliza. Chora kwenye manila watu wanaokota korosho, mtoto mwingine kapanda juu ya mkorosho, na pembeni mbuzi anakula mabibo kwenye kikapu na hakuna aliyemwona. Huyo mbuzi usimsahau, mtoto akimwona lazima atakuwa na la kusema. Asimulie mara ya kwanza kwa lugha anayoitaka mwenyewe, iwe Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, alafu asimulie kwa Kiswahili, na kama yuko darasa la nne kwenda juu ajaribu na Kiingereza. Mwanachuo kazi yake kukaa kimya, kutikisa kichwa na kusema "enhe, ikawaje?"

Wakirudi chuoni wanaiandika rekodi neno kwa neno, na hapa ndo penye kazi. Waandike kilichosemwa, sio kilichotakiwa kusemwa. Akinyamaza waandike kanyamaza, akianza sentensi akaiacha njiani waandike hivohivo. Dakika tano za rekodi zinaweza kula zaidi ya saa nzima na wengi watalalamika, waache walalamike, maana ni kwenye kurudia kusikiliza ndo sikio linafunguka.

Tuseme jozi moja imeleta hii ya Kiswahili, ya mtoto wa kijiji cha Newala anayeongea Kimakonde nyumbani:

"Huyu ntoto anaokota kolosho zilizoanguka, alafu huyu mbuzi anakula mabibo ya kwenye kikapu, wenyewe hawamwoni."

Waulize wanachuo wampe maksi huyu mtoto. Karibu wote wataanza na "ntoto" na "kolosho", watasema matamshi mabaya, lafudhi, arekebishwe. Waache wamalize, alafu waambie wafunike hayo maneno mawili kwa kidole wasome yaliyobaki. "Zilizoanguka" peke yake ina upatanisho wa ngeli, ina wakati uliopita, ina urejeshi, vyote vimekaa mahali pake na mtoto hajafundishwa hata kimoja kwa noti. "Ya kwenye kikapu" inakubaliana na mabibo. "Hawamwoni" ina kanusho, ina mtenda na mtendwa. Huyu mtoto sarufi anayo, tena ngumu, kilichobaki ni sauti mbili za nyumbani ambazo zina sababu yake: Kimakonde kinatumia l pale Kiswahili kinapotumia r, na ile mu ya mwanzo inageuka king'ong'o kinachofuata konsonanti iliyo mbele yake. Mwalimu asiyejua hili anaandika "mtoto hajui Kiswahili" na mtoto anaanza kunyamaza darasani. Nikiambiwa nichague zoezi moja tu la kubaki nalo kwenye mafunzo yote ningebaki na hili.

Sasa rekodi ya Kiingereza, tuseme ya mtoto wa darasa la sita:

"My brother he go up the tree. She pick korosho. The goat is eat the fruits. Nobody see the goat, he is eating all!"

Hapa wape kazi ya kupanga makosa kwenye mafungu. Fungu la kwanza ni yanayoonekana kutoka lugha alizonazo: "she" kwa kaka, kwa sababu Kiswahili na Kimakonde havitengi mume na mke kwenye yeye, na "My brother he go", kwa sababu kwetu kitenzi kinabeba kiambishi cha mtenda hata kama mtenda ameshatajwa, kaka anapanda. Fungu la pili ni makosa ambayo karibu kila anayejifunza Kiingereza duniani anapitia, na mfano mkubwa ni ile s ya "goes", "picks", "sees". Roger Brown kwenye utafiti wake wa 1973 aliwafuatilia watoto watatu wa Marekani ambao Kiingereza ni lugha yao ya kwanza, akakuta hata wao ile s wanaichelewa, wanaishika baada ya -ing na baada ya s ya wingi. Dulay na Burt mwaka 1974 wakawalinganisha watoto wanaoongea Kihispania na wanaoongea Kichina wakiwa wanajifunza Kiingereza, mpangilio ukafanana sana ingawa lugha zao hazina undugu. Baadaye wengine walionyesha kwamba lugha ya kwanza nayo inaweza kuuvuruga huo mpangilio, kwahiyo usiufundishe kama msahafu, lakini kuhusu ile s hakuna mwalimu wa huku atakayebisha. Fungu la tatu ni yale tunayoyasababisha wenyewe. "Is eat" inawezekana imetoka hapo, maana miezi ya mwanzo mtoto kaimbishwa "this is, it is, he is" mpaka "is" imegandamana na kila kitu. Waambie waandike "inawezekana", alafu waseme wangehitaji kusikia nini zaidi ili wawe na uhakika. Hiyo tabia ya kusema nahitaji ushahidi zaidi ndo utafiti wenyewe.

Na usiwaruhusu waondoke kabla hawajapanga fungu la nne, aliyoyapatia. "My brother", sio "brother my", ingawa kwetu ni kaka yangu. "The goat", ingawa lugha zetu hazina kitu kama hiyo "the". Na muhimu zaidi, kwenye pumzi ileile kasema "is eat" na "is eating". Maana yake -ing iko mlangoni, ndo kitu cha kumsaidia wiki hii. Ile s ya "goes" itasubiri.

Baada ya hapo ndo fungua noti. Mwaka 1967 Pit Corder aliandika kwamba kosa la mwanafunzi linamuonyesha mwalimu mwanafunzi amefika wapi na anatumia mbinu gani kujifunza. Mwaka 1972 Larry Selinker akasema lugha ya mwanafunzi ni mfumo kamili wenye kanuni zake, uko katikati ya lugha yake na lugha anayoiendea. Miaka ya 1980 Manfred Pienemann akaonyesha, kwa watoto wa Kiitaliano waliokuwa wanajifunza Kijerumani, kwamba kumfundisha mtu hatua ambayo hajaifikia hakumsogezi. Mwanachuo ambaye ameshakesha na rekodi yake hayo majina hayakariri, anayatambua.

Zoezi dogo la maneno ya kubuni

Hili linachukua kipindi kimoja na linafanya kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Jean Berko mwaka 1958 aliwachorea watoto kidude kisichokuwepo duniani, akakiita "wug", akachora viwili, akawaacha wamalizie sentensi. Watoto wakasema "wugs" ingawa hilo neno hawajawahi kulisikia popote, kwahiyo hawakuiga, walikuwa na kanuni kichwani.

Lifanyeni kwa Kiswahili. Chora dude lolote, mwambie mtoto wa awali au darasa la kwanza "hiki ni kipuvo, sasa hapa kuna...", alafu nyamaza. Akisema "vipuvo" umepata jibu. Endelea, "kipuvo kimeanguka, hivi navyo..." uone kama atasema vimeanguka. Kwa mtoto wa Newala au Tandahimba buni na neno la Kimakonde linaloanza na chi-, maana Kimakonde kina chi- na vi- zinazofanya kazi sawa na ki- na vi- ya Kiswahili. Mwanachuo akiona mtoto anageuza neno la uongo kwa lugha zote mbili bila kusita, ataelewa kwamba lugha ya nyumbani imeshamfanyia mwalimu wa Kiswahili nusu ya kazi. Kama mwanachuo hajui Kimakonde amuombe mwenzake anayejua, na kwenye vyuo vyetu hawakosekani.

Lugha ya nyumbani sio adui

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu bado kuna shule mtoto anavishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha isiyotakiwa, kwenye sekondari Kiswahili, huku vijijini hata Kimakonde. Mwanachuo wako asitoke chuoni akiamini hicho kibao kinafundisha lugha. Hakuna utafiti wa ujifunzaji lugha ninaoufahamu unaosema aibu inaleta umilisi. Jim Cummins tangu 1979 anaeleza kwamba ujuzi wa kusoma na kufikiri alioujenga mtoto kwa lugha ya kwanza unahamia kwenye lugha ya pili. Akatofautisha pia lugha ya maongezi na lugha ya masomo, na kwa watoto wahamiaji kule Kanada aliona maongezi yanaweza kukaa sawa kwa miaka kama miwili wakati lugha ya masomo inaweza kuchukua miaka mitano mpaka saba. Na wale wamezungukwa na Kiingereza mtaani, dukani, kwenye televisheni. Wa kwetu anakisikia darasani tu.

Kwa hapa Tanzania mradi wa LOITASA, wa utafiti wa lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, ulioanza 2002 ulilinganisha wanafunzi wa sekondari waliofundishwa mada ileile kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na waliofundishwa kwa Kiswahili walielewa na kujieleza vizuri zaidi. Sera ya lugha ya kufundishia hatuipangi sisi, lakini kama mwalimu wa lugha anaruhusu watoto wajadili picha kwa Kimakonde dakika tatu kabla hawajaiandikia kwa Kiswahili, au kwa Kiswahili kabla ya Kiingereza, hilo liko mikononi mwake kabisa, na kwenye andalio la somo linaandikika vizuri tu.

Zoezi la kuwapa: kila mwanachuo achukue kipindi kimoja cha kitabu cha darasa la tano, aonyeshe kwa kalamu nyekundu mahali ambapo lugha ya nyumbani ingeingia, kwa dakika ngapi, na ingetoka vipi ili lugha lengwa ichukue nafasi. Hiyo ya kutoka ndo wanaisahau.

Kusahihisha: hapa kaa muda mrefu

Merrill Swain mwaka 1985 alikuwa na swali gumu. Kule Kanada kulikuwa na watoto wanaoongea Kiingereza waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa miaka na miaka, wanasikia Kifaransa kila siku, wanaelewa, lakini wakifungua mdomo makosa bado mengi. Akasema kusikia na kuelewa peke yake hakutoshi, mtoto lazima asukumwe kutoa lugha mwenyewe, hapo ndo anagundua kwamba kuna kitu hana. Hili linamgusa Krashen moja kwa moja, maana yeye aliweka uzito wote kwenye kile mtoto anachosikia na kukielewa, na ni vizuri wanachuo wajue kwamba watafiti wenyewe wanabishana.

Alafu mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta wakaingia kwenye madarasa manne ya Kifaransa hukohuko Kanada wakahesabu walimu wanasahihishaje. Zaidi ya nusu ya masahihisho, asilimia 55, mwalimu alikuwa anarudia tu sentensi ya mtoto akiwa ameshaisahihisha mwenyewe. Na ni asilimia 31 tu ya hayo ambayo mtoto aliitikia kwa namna yoyote. Mwalimu alipomrudishia mtoto kazi, akamwanzishia sentensi au akamuuliza, mtoto aliitikia kila mara.

Waoneshe inavyokuwa. Mwalimu anauliza "What did your father do yesterday?" Mtoto: "He go to the farm." Mwalimu: "He went to the farm, good, sit down." Mtoto kasikia nini? Kasikia good, kasikia sit down. Anakaa akijua kapatia, na kwa haki yake, si ameambiwa good. Sasa geuza: mtoto kasema "He go to the farm", mwalimu kwa uso wa kawaida kabisa anasema "Yesterday, he...?" alafu ananyamaza. Mtoto anafikiri. Anaweza kusema "goed", na hiyo ni hatua mbele kwa sababu kashajua jana inadai kitu. Mwalimu anasubiri, au anawageukia wote, "Yesterday he...?", na kuna mmoja atasema "went", alafu yule wa kwanza anapewa nafasi aseme sentensi yake nzima, asiibiwe.

Ila sio kila kosa linastahili hivi. Kama lengo la kipindi ni watoto kusimulia, waache wasimulie, mwanachuo aandike makosa pembeni kwenye karatasi na mwishoni achague moja linalorudiwa na wengi. Ukimkatiza mtoto kwenye kila neno hatasimulia tena.

Mazoezi ya haya yafanyike chuoni kabla ya BTP. Makundi ya watu kumi, mmoja anafundisha dakika kumi, wengine wanakuwa watoto na wanatumia sentensi za kweli kutoka kwenye zile rekodi, sio makosa ya kubuni. Wawili wanakaa nyuma na karatasi yenye vitu vitatu tu: nani kaongea na mara ngapi, kosa limesahihishwa vipi, na baada ya swali mwalimu kasubiri sekunde ngapi. Hicho cha mwisho kina historia yake, Mary Budd Rowe, utafiti aliouchapisha 1974, kwenye vipindi vya sayansi Marekani, alikuta walimu wanasubiri kama sekunde moja tu, na waliposubiri tatu au zaidi majibu yakawa marefu na watoto wengi zaidi wakajitokeza. Sasa fikiria mtoto anayetafuta jibu kwa lugha ya tatu. Mpe mwanachuo mbinu rahisi, akishauliza ahesabu kimoyomoyo moja mpaka tano kwa Kiswahili, polepole, huku anawaangalia watoto na sio ubao. Mwanzoni ukimya utamtesa, ataona kama kipindi kimekufa, ndo maana afanyie mazoezi mbele ya wenzake kwanza.

Najua mtu ataniambia darasa lina watoto themanini au mia, hayo ya mmoja mmoja yanawezekana wapi. Kwa darasa kubwa dawati ndo kundi. Watoto watatu wa dawati moja, mmoja anasimulia picha, wa pili anamuuliza, wa tatu anasikiliza kama ile -ing imesikika, baada ya dakika mbili wanabadilishana. Kelele itakuwepo, mwambie mwalimu mkuu mapema. Mwanachuo asitembee madawati yote, achague matano leo na matano mengine kesho, aandike alichosikia.

Vitabu vya kusoma, hata kama shule haina

Mapema miaka ya 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vya Kiingereza 250 kwenye kila shule kati ya shule 8 za vijijini Fiji, shule ambazo vitabu havikuwepo, watoto wa darasa la nne na la tano wakawa wanasoma au kusomewa dakika 20 mpaka 30 kwa siku. Baada ya miezi minane walikuwa wanapiga hatua kwenye kusoma kwa kasi karibu mara mbili ya kawaida, na mwaka wa pili faida ikaenea mpaka kwenye kuandika na sarufi. Visiwa, vijiji, vitabu hakuna, Kiingereza cha shuleni tu: huo utafiti unatufaa kuliko mwingi wa mijini Ulaya.

Vitabu 250 hatuna. Lakini tuna wanachuo. Kila mmoja atunge kitabu kimoja cha kurasa nane, picha moja na sentensi mbili tatu kila ukurasa, karatasi ya manila imekunjwa na kushonwa katikati kwa uzi, jalada limefunikwa nailoni. Hadithi zichukuliwe hukuhuku, sungura na fisi, mvuvi wa Msimbati, bibi na ming'oko yake, safari ya Masasi gari limeharibika Ndanda. Darasa la wanachuo arobaini linatoa vitabu arobaini, hilo ni boksi zima la kupeleka BTP.

Na hapa utafiti unaingia na namba: Hu na Nation mwaka 2000 walikuta msomaji anahitaji kujua kama asilimia 98 ya maneno ndo asome hadithi peke yake akaielewa vizuri. Yaani maneno mapya mawili tu kwenye kila mia. Mwanachuo ahesabu maneno ya kitabu chake, apige mstari yale ambayo mtoto wa darasa la nne hatayajua, na yakizidi aandike upya au aweke picha inayoyaeleza. Wakishafanya hivi wapeni na ukurasa wa kitabu cha kiada cha kidato cha kwanza wahesabu vilevile kwa mtoto aliyetoka la saba. Hawatahitaji maelezo mengine kuhusu kwanini watoto wanakariri.

Kuhusu umri kwa kifupi. Mtaala mpya umekishusha Kiingereza mpaka darasa la kwanza na wanachuo wengi wanaamini mtoto mdogo anadaka lugha yenyewe tu. Utafiti wa Carmen Muñoz na wenzake Barcelona unaonyesha kwamba kwa Kiingereza cha shuleni, cha saa chache kwa wiki, waliochelewa kuanza walikwenda haraka kuliko walioanza wadogo, kwa idadi ileile ya saa. Udogo unasaidia pale lugha ikiwa imemzunguka mtoto. Kwahiyo wa darasa la kwanza apewe nyimbo, hadithi, michezo ya "simama, kaa, gusa", asikie sana, na asidaiwe sarufi.

BTP na maksi zake

Haya yote yatakufa kama fomu ya kukagua inauliza usafi wa ubao na mpangilio wa andalio peke yake. Fomu rasmi ijaze kama inavyotakiwa, ila maongezi baada ya kipindi ni ya kwako. Usianze na "umejionaje?", maana jibu ni "nimejitahidi mkufunzi" na mmefika mwisho. Muulize: mtoto gani leo alisema kitu ambacho hukumfundisha? Kosa gani umelisikia zaidi ya mara tatu, na liko fungu lipi? Ulimrudishia nani kazi akajisahihisha mwenyewe? Asipoweza kujibu hata moja mwambie kipindi cha kesho afundishe kilekile alichopanga, ila akae na karatasi mfukoni ya kuandika maneno ya watoto.

Kazi mradi ya BTP iwe mtoto mmoja. Mwanachuo achague mtoto, kwa ruhusa ileile ya mwanzo, amrekodi wiki ya kwanza kwa picha fulani na wiki ya mwisho kwa picha ya aina hiyohiyo lakini sio ileile, aandike rekodi zote mbili na aeleze nini kimesogea, nini kimesimama, na yeye alifanya nini katikati. Toa maksi kwa ubora wa kusikiliza, sio kwa ukubwa wa maendeleo ya mtoto, la sivyo wataanza kumfundisha mtoto kukariri picha. Kama BTP imeangukia msimu wa korosho mtoto anaweza kupotea wiki nzima yuko shambani na wazazi, kwahiyo wachague wawili, mmoja wa akiba.

Walimu wa shule wapewe karatasi moja ya kueleza haya kwa Kiswahili cha kawaida kabla mwanachuo hajafika, na mkufunzi akienda mara ya kwanza akae nao robo saa ofisini. Mwanachuo akiwa peke yake na mbinu asizozijua mwenyeji wake atarudi kuimbisha "he goes, she goes" ndani ya wiki, simlaumu. Mwalimu mwenyeji akiombwa yeye ndo awe mhesabu sekunde nyuma ya darasa, mara nyingi anaanza kuzihesabu na zake.

Wakirudi chuoni tenga siku mbili nzima za kusikilizana rekodi za mwanzo na za mwisho, kila mmoja dakika kumi, maandishi yamebandikwa ukutani. Zile zilizoandikwa vizuri zikusanye, futa chochote kinachoweza kumtambulisha mtoto, zitunze kwenye faili kwa aina: za Kimakonde, za Kimwera, za mjini, za Kiingereza darasa la sita. Hizo ndo utakazowapa wanachuo wa mwaka kesho kufanyia mazoezi ya kupanga mafungu kabla na wao hawajaenda kurekodi wa kwao.